Baada ya Rasimu ya Kwanza: Shajara ya Kuhariri Riwaya, Moshi

Januari 11, 2025

Rasimu ya kwanza ya riwaya yangu ilikamilika usiku wa Novemba 29 mwaka jana. Niliiacha kwenye kompyuta kwa wiki sita bila kuifungua hata mara moja, kwa sababu nilijua kwamba nikiisoma huku ningali nakumbuka jinsi nilivyoitunga kila sentensi, nitakuwa nasoma yaliyo kichwani mwangu na si yaliyo kwenye karatasi. Leo asubuhi nimekwenda na flashi kwenye duka la kuchapa lililo karibu na stendi, nikalipa shilingi 100 kwa kila ukurasa, na nimerudi nyumbani Rau na kurasa 318 zilizofungwa kwa pete za plastiki.

Riwaya inahusu familia ya karani wa mzani wa kahawa huko Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kati ya mwaka 1976 na 1979, na masimulizi yanamfuata kwa karibu binti wa karani huyo, Eliapenda, ambaye mwanzoni ana miaka 14. Nimejiwekea utaratibu wa kusoma mswada wote kwa siku tatu bila kalamu nyekundu mkononi. Pembeni nina kaunta buku na penseli, na ruhusa niliyojipa ni kuandika namba ya ukurasa na neno moja au mawili tu: nimechoka, sielewi, nataka zaidi. Kusahihisha herufi kunavutia kwa sababu matokeo yake yanaonekana papo hapo, lakini nikianza na hilo nitakuwa napaka rangi ukuta ambao huenda nikaubomoa wiki ijayo.

Januari 14

Nimemaliza usomaji wa kwanza. Mswada una maneno 94,300. Neno "nimechoka" limejitokeza mara 27, na mara tisa kati ya hizo ni katika sura moja, ile ya safari ya basi kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam, ambayo nilikuwa naipenda kuliko sura zote wakati naiandika. Ina kurasa 11. Ndani yake hakuna mtu anayeamua jambo wala kupoteza kitu. Watu wanatazama milima ya Upare, wananunua vitu dirishani, wanasinzia.

Lililonishtua zaidi liko ukurasa wa 143. Hadithi nzima imefungwa na jambo moja, kwamba karani Aminieli alikuwa akipunja kilo za wanakijiji wenzake kwenye mzani, na kila kinachotokea baadaye kinatoka hapo: mama kuhama nyumba, Eliapenda kuacha shule, kihamba, yaani shamba la ukoo, kugawanywa. Jambo hilo nimelieleza kwa sentensi moja: "Mwaka ule ikagundulika kwamba karani amekuwa akipunguza kilo za watu, na familia ikaaibika." Basi. Kurasa 11 za basi, na sentensi moja ya mzani. Nimekaa muda mrefu nikiitazama sentensi hiyo, na ninadhani niliiandika hivyo kwa sababu niliogopa kusimama pale kwenye mzani na kutazama. Sikujua vya kutosha namna kahawa inavyopimwa, na pia sikutaka kumwona Aminieli akifanya kitendo chenyewe, maana nimempenda tangu sura ya kwanza.

Januari 25

Nimekata karatasi za manila vipande 34, kipande kimoja kwa kila sura, na juu ya kila kipande nimeandika mambo mawili tu: nani anataka nini, na nini kimebadilika sura inapokwisha. Kwa kuwa meza yangu ni ndogo, nimezining'iniza zote kwa vibanio kwenye kamba ya nguo barazani. Sura saba hazikuwa na jambo la kuandika kwenye mstari wa pili. Tano kati ya hizo zimeondoka, pamoja na basi. Mbili zimeunganishwa na jirani zake.

Baba wadogo wawili wa Eliapenda nao wamekuwa mmoja. Walikuwa wakizungumza kwa sauti ileile na kushauri mambo yaleyale, na nilipojaribu kueleza kwa maandishi tofauti yao, nilichopata ni kwamba mmoja alivaa kofia.

Februari 8

Wiki mbili hizi nimezitumia kupanga jedwali la nyakati, na kazi hii ningeifanya kabla ya kuandika hata sura moja kama ningejua. Katika kaunta buku nimechora safu za mwaka, mwezi, umri wa kila mhusika, mvua, hali ya kahawa shambani, na habari ambazo redio ingekuwa ikitangaza. Kisha nimeipitisha kila sura humo. Makosa madogo yamejitokeza kwa wingi, kwa mfano mwezi mpevu unaomulika migomba mara tatu ndani ya siku kumi, na mwenyekiti wa TANU anayehutubia Julai 1977, ilhali TANU na ASP zilikuwa zimeungana kuwa Chama Cha Mapinduzi tangu Februari 5 ya mwaka huo.

Kosa kubwa ni la chama cha ushirika. Katika rasimu, wakulima wa Julai 1977 wanauza kahawa yao kwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, na karani Aminieli ni mtumishi wa chama cha msingi kilicho chini yake. KNCU iliundwa mwaka 1933, na mtu aliyekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro anaizoea kama anavyouzoea mlima wenyewe, ndiyo maana mkono wangu uliandika jina hilo bila kuuliza. Lakini serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima mwaka 1976, na KNCU haikurudi hadi miaka ya themanini. Mwaka 1977 kahawa ilinunuliwa kupitia vijiji kwa niaba ya mamlaka ya kahawa ya serikali. Kwa hiyo kiini cha hadithi yangu kilikuwa kimesimama juu ya ofisi isiyokuwepo.

Njia rahisi ilikuwa kurudisha hadithi nyuma hadi mwaka 1975. Nimeijaribu kwa siku nne kwenye jedwali, na haifai. Ninauhitaji mwaka 1977 kwa sababu mbili. Kwanza, ndio mwaka ambao bei ya kahawa duniani ilipanda kupita dola 3 kwa ratili, baada ya baridi kali ya Julai 1975 kuunguza mikahawa ya Brazili. Kila mtu Uru anasikia kwamba kahawa ni dhahabu, huku fedha inayofika mkononi mwake ikiwa sehemu tu ya bei hiyo, na hapo ndipo nusu kilo inapokuwa na uzito mwingine kabisa. Pili, mpaka na Kenya ulifungwa Februari 1977, na baba mdogo anayevusha magunia usiku upande wa Rombo anahitaji mpaka uliofungwa.

Nimeamua mwaka ubaki, na kuvunjwa kwa ushirika kuingie ndani ya hadithi. Aminieli alikuwa karani wa chama kwa miaka 18; sasa chama hakipo, jengo ni lilelile, mzani ni uleule, watu bado wanasema "naenda chamani", na kibao cha zamani kimegeuzwa kikawa ubao wa kuanikia. Mtu aliyekuwa mwaminifu kwa chama chake haoni tena yuko mwaminifu kwa nani. Rasimu ya kwanza haikuwa na jibu la kwa nini mtu mwema kama yeye alianza kupunja, na jibu nimelipata kwa kurekebisha kosa la tarehe. Sura nne zitaandikwa upya.

Februari 22

Onyo kwa atakayefuata njia hii. Mama wa Eliapenda alikuwa anaitwa Ana, nami nikataka kulibadilisha jina liwe Ndeshi. Niliiamuru kompyuta itafute "Ana" na kuweka "Ndeshi" kote, nikaenda kulala. Sikuwa nimeiambia itofautishe herufi kubwa na ndogo wala itafute neno zima. Katika Kiswahili silabi hizo mbili zimo ndani ya "sana", "mwana", "kijana", "anakuja", "wanaona" na kila kitenzi kinachoishia kwa "-ana", na zote ziligeuzwa. Nilirejea kwenye nakala ya juzi yake iliyokuwa kwenye flashi na kupoteza kazi ya jioni mbili. Tangu leo kila siku ya kazi ina nakala yake yenye tarehe, na majina ya wahusika nayabadilisha moja baada ya lingine kwa macho.

Machi 16

Jumapili tatu mfululizo nimepanda Uru baada ya ibada kumsomea Shangazi. Macho yake hayawezi tena herufi za kitabu, hivyo nasoma kwa sauti, yeye ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akichambua maharage, na mkono wake ukisimama ndipo ninapojua kwamba nimekosea. Sikuwahi kupata kipimo bora kuliko hicho. Kusoma kwa sauti peke yake kumenionyesha sentensi ambazo pumzi haifiki mwisho wake, na mazungumzo ambayo hakuna mtu wa Uru angeyatamka, lakini ni maharage yaliyonionyesha mahali ambapo hadithi inadanganya.

Mkono ulisimama kwanza kwenye sura ya sita, ambapo nimewafanya watu wachume kahawa mbivu mwezi wa Aprili. "Aprili ni mvua, baba," akasema. "Kahawa ni ya kijani hiyo. Utachuma nini?" Mavuno kwetu huanza kiasi cha Julai na kuendelea hadi karibu na Krismasi. Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto wangu na bado niliandika Aprili, kwa sababu nilitaka tope katika sura ile.

Ulisimama tena nilipofika kwenye maandalizi. Nilikuwa nimeandika kwamba kahawa "ilitengenezwa na kupelekwa kupimwa". Shangazi aliweka ungo chini akanieleza, kwa zaidi ya saa nzima, yaliyokuwa ndani ya neno hilo "ilitengenezwa": kumenya matunda kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono siku ileile yalipochumwa, kuvundika mbegu kwenye maji mpaka ute uachie, kuziosha kwa maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, kuzianika kwenye vichanja na kuzigeuza, kukimbia kuzifunika wingu likitanda, na watoto kukaa kutwa nzima wakitoa zile zilizovunjika. Akataja mrututu, dawa ya shaba, uliopulizwa dhidi ya chulebuni, ugonjwa wa kahawa, ukaacha rangi ya buluu kwenye majani na kwenye shati la baba yao, shati ambalo halikutakata tena.

Nikamuuliza mtu alijuaje kwamba kahawa ya maganda imekauka vya kutosha kupelekwa. Hakujibu. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kibuyu chenye kahawa kidogo aliyoihifadhi kwa ajili ya nyumba, akachota kiganja, akaiachia kutoka usawa wa kifua ianguke kwenye ungo. "Sikia. Hiyo inalia. Mbichi haiwezi kulia." Kisha akaitafuna moja kwa jino la pembeni, ikatoa mlio mfupi mkavu, akanionyesha vipande viwili. Nimeshuka mjini na mbegu sita mfukoni na ziko hapa mezani ninapoandika.

Tulipofika ukurasa wa 143 nikasoma ile sentensi moja. Mkono haukusimama, uliendelea kuchambua. Sura mbili mbele ndipo aliponikatiza kuuliza, "Huyu mama amehama kwa nini?" Sentensi ilikuwa imempita bila kumgusa.

Aprili 12

Masika imeanza kwa nguvu, mitihani ya nusu muhula imenipa madaftari 160 ya kusahihisha, na mswada umesonga kurasa nane tu.

Mei 18

Tukio la mzani limeandikwa. Limenichukua siku 19 na limefika kurasa tisa, nami nitaeleza kwa kirefu kwa sababu humu ndimo nilimojifunza zaidi.

Toleo la kwanza lilikuwa la maelezo. Eliapenda anamwona baba yake, anaelewa, na aya nzima inaeleza alivyojisikia, kwamba dunia yake imepasuka na moyo wake umegeuka jiwe. Nililifuta siku iliyofuata. Katika toleo la pili nilimpa Aminieli jasho la paji la uso na mkono unaotetemeka, na nilipolisoma nikaona kwamba ninamwomba msomaji amhukumu haraka tuondoke pale. Mtu aliyefanya jambo hili kwa miezi mingi hatetemeki. Katika toleo la tatu nilimfanya mwanakijiji mmoja agundue na kupiga kelele, ugomvi ukawa mkubwa, na Eliapenda akapotea katikati ya umati. La nne ndilo lililonifikisha karibu: nilimweka Eliapenda mahali ambapo anaona uso wa mzani na wenye kahawa hawauoni, nikaondoa kila neno la hisia, nikabakiza kilichoonekana na kilichosikika. Hivi sasa mahali penyewe panasomeka hivi:

"Karani alipachika ndoano kwenye mdomo wa gunia, vijana wawili wakaliachia, na gunia likazunguka mara moja hewani kabla ya kutulia. Mshale ulisimama kati ya 46 na 47. Eliapenda aliuona ukisimama. 'Arobaini na sita,' baba alisema, macho yake yakiwa kwenye daftari, na mama wa watu akaitikia, 'Asante, karani.' Gunia likashushwa. Likaja jingine."

Hiyo "Asante, karani" sikuipanga. Imetoka kwa Shangazi, aliyeniambia kwamba watu walishukuru kila walipotajiwa kilo zao, hata waliponung'unika njiani wakirudi. Nilipoiweka pale, aya yote ya moyo uliogeuka jiwe ikawa haina kazi tena.

Baada ya gunia hilo yanafuata mengine matano, na kila moja linapoteza kipande chake, nusu hapa, robo pale. Nilihofia kwamba marudio yatachosha. Kwa hiyo kila gunia nimelipatia mwenyewe wake, na Eliapenda anawajua wote: mwalimu wake wa darasa la tatu, mjane aliyemsaidia mama kujifungua, mzee anayehesabu kwa vidole mpaka sasa. La saba ni la nyumbani kwao. Hapo mshale unasimama kwenye 51 na baba anatamka hamsini na moja.

Juni 21

Mwezi huu ni wa lugha. Sura zimeshakaa mahali pake, maneno ni 86,400, na sasa ninapita sentensi kwa sentensi, kurasa kumi kila usiku kuanzia saa tatu hadi saa tano. Sipiti mara moja kwa kutafuta kila kosa. Kila mpito una kosa lake moja.

Mpito wa kwanza ulikuwa wa "aliweza". Nilihesabu mahali 61 ambapo mtu "aliweza kuona", "aliweza kusikia", "aliweza kuhisi". Sijui ni lini nilianza kuandika hivyo, ila nina hakika sikulelewa nikizungumza hivyo. Mtu anaona, anasikia. Nimebakiza sita, zile ambazo kweli zinahusu uwezo, kama mzee aliyeweza kusimama baada ya ugonjwa. Pamoja nao yameondoka "alianza kulia" na "alianza kukimbia" pale ambapo "akalia" na "akakimbia" yanatosha, na rundo la "yake": "alinyoosha mkono wake", "alifumba macho yake", "alitikisa kichwa chake". Angetikisa kichwa cha nani? Ndipo nikagundua kwamba hata aya ya mzani niliyoinakili hapo juu ina "macho yake yakiwa kwenye daftari". Sasa inasomeka "macho kwenye daftari", na ni nzito zaidi.

Mpito wa pili ni wa "ambaye" na "ambayo". Sina ugomvi na maneno hayo, maana kuna sentensi ndefu ambazo haziwezi kusimama bila nguzo hiyo, lakini nilikuwa nayatumia hata pale ambapo kitenzi kingebeba kirejeshi chenyewe. "Mwanamke ambaye alikuja jana" amekuwa "mwanamke aliyekuja jana", na ukurasa umepumua.

Wa tatu umenipa shida kubwa kuliko yote. Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika "a-" na "-m-", na hilo ni neema katika mambo mengi, lakini katika tukio la watu wawili chumbani linaweza kumpoteza msomaji. Katika ugomvi wa Aminieli na mkewe niliandika: "Alimtazama, akageuka, akamwambia aondoke." Nani kamwambia nani? Mimi nilijua kwa kuwa nilikuwa nawaona. Kurudia majina kila mara kunafanya ukurasa uonekane kama kumbukumbu za kikao. Nilichofanya ni kutumia majina ya undugu kadiri ya nani anayetazama: kwa kuwa tukio tunaliona kupitia kwa Eliapenda, wawili hao ni "baba" na "mama", na mara chache "yule" na "huyu" zinasaidia. Mahali pengine nimempa kila mmoja kitu cha mkononi, taa kwa mama na daftari kwa baba, hivyo kitenzi chenyewe kinamtaja mtendaji. Anayepunguza utambi ni mama.

Bado ninapambana na "-ka-". Ni kiambishi cha msimulizi, nacho kinaendesha hadithi mbele vizuri, lakini nilikuwa na kurasa ambamo akaenda, akafika, akaketi, akanyamaza, akainuka, bila pumziko. Ninavunja mfululizo kwa kurudi kwenye "-li-" kila wakati au mahali panapobadilika, na kwa "-ki-" pale mambo mawili yanapotendeka pamoja. Sina kanuni zaidi ya sikio.

Kuhusu maneno ya Kichaga, nimeamua yabaki bila maelezo ya pembeni na bila orodha mwishoni, mradi sentensi yenyewe imwonyeshe mgeni maana. Mfongo unajieleza Eliapenda anapozibua maji yashuke kwenye migomba. Kihamba kinajieleza wanapozikwa humo mababu.

Julai 20

Nimerudishiwa nakala mbili. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili amesoma kwa kalamu, na kurasa zake zina alama nyingi za nukuu za mazungumzo, ambazo nilikuwa naziweka kwa mitindo mitatu tofauti, na za maneno ambayo tahajia yake niliibadilisha kutoka sura hadi sura. Yote nimeyakubali isipokuwa moja: alitaka Kiswahili cha mzee wa Uru kisahihishwe kiwe sanifu kabisa. Masimulizi yatakuwa sanifu. Mzee ataongea kama anavyoongea.

Msomaji wa pili ni kijana niliyemfundisha zamani, sasa anafanya kazi Arusha na hajawahi kuishi kwenye shamba la kahawa. Nilimchagua kwa sababu hiyo. Aliandika ukurasa mmoja tu, lakini mstari mmoja ndani yake umenirudisha kazini kwa wiki mbili: anauliza kwa nini Aminieli anasamehewa upesi hivyo. Katika sura ya 25 karani anachuma jani la sale, anakwenda nalo nyumba kwa nyumba, na kila mlango unafunguka. Nilikuwa nimelitegemea jani lifanye kazi ambayo wahusika hawajaifanya. Sote tuliozaliwa huku tunajua kwamba sale ni mpaka wa kihamba na ni ombi la msamaha, kwa hiyo niliamini kwamba kulitaja kunatosha. Nilimpigia simu Shangazi. Akacheka kidogo, kisha akasema kwamba kwa desturi ya nyumba yetu mkosaji hajipeleki. Anamtafuta mtu mzima wa kumwombea, na kumpata huyo mtu ndiyo kazi yenyewe.

Sura ya 25 sasa ni ya Aminieli akitafuta wa kumbebea jani. Watatu wanakataa. Wa nne anakubali kulibeba, lakini anataka kwanza kuliona daftari.

Agosti 10

Sikukuu ya Nane Nane imenisaidia kuingiza masahihisho yote. Maneno ni 79,800, sura ni 27. Nimechapa tena, kurasa 269, na leo nimepanda Uru.

Nimemsomea Shangazi sura ya mzani tangu mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na maharage safari hii. Alikuwa na mikono mitupu, kitambaa magotini. Kwenye gunia la pili alianza kutaja kilo kwa sauti ya chini kabla sijazitaja, akizisoma kwenye mshale na si kwenye midomo ya karani. Kwenye la saba alinyamaza. Nilipomaliza aliniambia nirudie pale karani anapopachika ndoano, nami nikarudia.

"Hakupachika yeye," akasema. "Karani hakugusa gunia, baba. Walipachika vijana. Yeye mkono wake ulikuwa na kalamu tu."

Nimerekebisha sentensi hiyo jioni hii, na kwa sababu yake aya mbili zinazofuata zinabadilika pia, kwa kuwa sasa Aminieli hana kitu kingine cha kufanya ila kusoma na kuandika. Kesho naendelea na sura ya 14, kisha mpito wa mwisho wa alama za uandishi, na mswada utaondoka kwenda kwa mhariri Septemba 15.